Msumeno wa Beni na Mtu Aliyenionyesha Pa Kusimama

Kama unataka kucheka, cheka sasa, kisha unisikilize. Haya niliyaona mwenyewe, akili timamu, sijanywa kitu, na wala haikuwa usiku. Ilikuwa mchana unaelekea jioni, pale Beni, mvua ikianza kunyesha. Watu wakisikia habari za namna hii wanapenda kuuliza kama mtu alikuwa na homa. Sikuwa na homa. Nilikuwa nimekwenda kununua mashini, basi.

Mimi ni mtu wa Butembo, nakaa Vulamba na mke wangu Masika na watoto wetu. Zamani nilikuwa nanunua kakao upande wa Mbau na kuipandisha mjini. Njia ilipoharibika, nasema kuharibika kwa usalama, si kwa matope, Masika aliniambia, "Bora tukule majani ya sombe kila siku na wewe uko hapa." Nikabaki. Unajua mwanaume aliyezoea safari anavyokuwa akifungiwa nyumbani? Nilikuwa nazunguka uani kama kuku. Ndipo nikaanza kutengeneza viti vidogo vya jikoni, kwa msumeno wa mkono, nikiangalia video kwenye simu na kumsumbua binamu yangu Kambale, ambaye ni menuisier wa kweli, kazi yake ni mbao tangu ujana.

Viti vilitoka. Majirani wakachukua. Lakini kupasua mbao ndefu kwa mkono, ikae imenyooka, ni kazi ya kuvunja mabega, na mbao yangu haikunyooka hata siku moja. Nikaanza kuota msumeno wa meza: ile meza ya chuma ambayo diski yenye meno inatokeza katikati, wewe unasukuma mbao, yenyewe inakata.

Kambale alinipeleka kwenye duka moja hapa Butembo. Kulikuwa na kamsumeno kadogo, kapya, meza yake nyepesi, na kakiwashwa kanapiga kelele kama mtu anasaga mawe. Mimi nilikadharau. Nilikaona kama kitu cha kuchezea.

"Wewe uko unaanza," Kambale akaniambia. "Hapana angalia ukubwa, hapana angalia rangi. Angalia kama diski inazunguka bila kutikisika. Angalia hii chuma ya kuongoza mbao, iko droit, imenyooka na diski? Kisha uone kama iko na kofia ya kufunika meno, na hiki kisu kidogo nyuma ya diski. Kisu hiki kinazuia mbao isibane diski. Ikibana, inakurushia mbao sawa risasi. Ile haina kisu, hata wakupe bure, acha."

Halafu akaongeza jambo ambalo, niamini, ndilo lililoniacha hai. Alisema kabla ya kugusa mashini yoyote, mtu atafute kwanza mahali pa kuizimia. Na asisimame kamwe nyuma ya diski, asimame pembeni.

Nilimsikia. Lakini wiki ileile dereva mmoja tunayefahamiana akanieleza kwamba Beni kuna mama anauzisha msumeno wa chuma kizito, wa zamani, kwa bei ndogo kuliko kale kadogo ka dukani. Moyo ukaenda huko. Kambale alikuwa na kilio upande wa mke wake, hakuweza kunisindikiza. Masika hakutaka nipande njia ile. Nilikwenda hivyohivyo.

Nilifika Beni salama, Mungu asifiwe. Mtaa wenyewe ulikuwa umetulia kwa namna ya kutia mashaka. Nilisimama kwenye kibanda kununua sukari, yaani kinywaji baridi, yule dada akanipa chupa ya moto akasema, "Tusamehe, tangu jana courant haiko, mtaa muzima hauna umeme." Nikanywa, nikaonyeshwa nyumba: ua wa mbao, na pembeni atelye, yaani karakana, ya mabati.

Nilipiga hodi nyumbani, kimya. Lakini mlango wa atelye ulikuwa wazi, na ndani nikaona mtu amekaa kwenye gogo. Mwanaume wa makamo, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, vumbi la mbao kwenye mikono. Msumeno ulikuwa mbele yake.

"Ingia," akasema. "Ulikuja juu ya mashini."

Hakuuliza, alisema. Nami nikaona ni sawa, dereva atakuwa amewaarifu. Ila kuna kitu kilinigusa ambacho sikukitilia maanani pale pale. Wewe unajua kwetu. Mtu akitoka Butembo akafika Beni, hata mtoto atamuuliza: njia iko namna gani? Mulipita bila shida? Yeye hakuuliza njia. Hakuuliza jina langu, wala hakunipa kiti.

Nikaanza kuikagua mashini kama nilivyofundishwa. Meza ilikuwa ya chuma cha kweli, nzito, nzuri mno. Chuma cha kuongoza kilikuwa kimenyooka. Diski ilikuwa na kutu kidogo. Kofia haikuwapo, na kisu cha nyuma vilevile hakikuwapo, zimebaki tu tundu za bulonzi, zile skrubu zake za kufungia.

"Kile kisu kiko wapi, ndugu?"

"Kinapotezea mutu wakati. Bila kisu unakata mbio."

Akasimama, akaweka mkono chini ya meza, na mashini ikanguruma. Ile sauti! Haikuwa kelele za kale kadogo ka Butembo. Ilikuwa sauti nene, ya kujaa kifua. Akachukua ubao wa mti wa libuyu, akausukuma kwa kiganja kitupu, vidole karibu kabisa na meno, na ukapasuka kama siagi. Nilisikia harufu ya mbao mbichi. Vumbi lilinirukia usoni. Nakuambia haya ili usidhani nilikuwa naota: nililifuta kwa shati langu, na Masika ndiye aliyelifua shati lile.

Sasa nieleze, mtu ambaye bega lake linauma kila siku kwa msumeno wa mkono, akiona vile atafanya nini? Niliipenda. Mvua ikaanza juu ya mabati, na mimi nilikuwa tayari najiona nyumbani nikitoa kabati na vitanda.

"Jaribu mwenyewe," akasema. Akaweka ubao mwingine juu ya meza.

Nikasogea pembeni, kama Kambale alivyosema.

"Hapana pale. Hapa." Akanionyesha nyuma ya diski, moja kwa moja, mahali ambapo mbao ikirushwa inamkuta mtu tumboni. "Simama hapa."

"Nitakata nikiwa huku."

"Simama hapa. Wote banasimamaka hapa."

Alisema kwa upole, na ndiyo inayonisumbua hadi leo. Hakunikamata mkono. Lakini miguu yangu ilikwenda. Sijui nikueleze vipi. Nilikuwa nawaza kukataa, na huku naona viatu vyangu vinasogea juu ya vumbi la mbao, kimoja, kingine, hadi nikawa pale alipotaka. Viganja vyangu vilikuwa tayari juu ya ubao, na ubao ulikuwa umeanza kuingia kwenye meno.

Ndipo nikakumbuka swali: inazimwa wapi? Nikainamisha macho kutafuta butoni chini ya meza. Hakuna butoni. Nikaufuata waya kwa macho nione umechomekwa wapi. Waya ulikuwa umeviringwa sakafuni, ncha yake imekatwa, nyaya za ndani zimetokeza, na buibui amejenga juu yake.

Na diski inazunguka.

Nilijitupa kando. Si kwamba niliamua, mwili ulianguka wenyewe. Ubao ukapita pale nilipokuwa nimesimama na kugonga bati la ukuta hadi likapasuka. Halafu kimya, mvua tu. Nilipoinua kichwa diski ilikuwa imetulia na kutu yake, na mtu hakuwapo. Atelye ile ina mlango mmoja, na mimi nilikuwa nimeanguka karibu nao.

Mlangoni alisimama mama mmoja na beseni kichwani, amelowa. Ndiye mama mwenye msumeno, alikuwa ametoka sokoni. Alitazama bati lililopasuka, akanitazama mimi chini.

"Nani alikufungulia?" akauliza.

"Yule baba, mama. Alikuwa hapa sasa hivi."

Hakupiga kelele. Aliketi kwenye kizingiti, akashusha beseni, akaniambia polepole kwamba mume wake alifia kwenye mashini ile, mbao ilimrukia tumboni, na kwamba atelye anaifunga kwa kufuli, ufunguo anao yeye shingoni. Alinionyesha ufunguo. Jenereta iliyokuwa ikiendesha mashini walikuwa wamekwisha kuiuza kwa ajili ya mazishi.

Nilimpa pole. Niliona uso wake umekuwa wa mtu mwenye njaa ya neno. Akasema, "Baba, alikuulizia juu yangu?"

Nilisema ukweli. "Hapana, mama."

"Na batoto? Hakuuliza batoto?"

"Hapana. Hata jina langu hakuuliza."

Alikaa akitazama beseni lake, vitunguu vikilowa. Kisha akatikisa kichwa.

"Basi haiko yeye. Bwana yangu hakuweza kupokea mugeni bila kuniita. Angeita, mama, leta kiti, mugeni alitoka mbali. Hata kama niko mbali angeita." Akashika ufunguo shingoni, akaendelea. "Siku ile alikufa, asubuhi aliniambia kuna fundi mumoja anakuja kumuonyesha namna ya kukata mbio. Mimi nilizania ni mwenzake wa kazi. Nilimuuliza jina, akasema hajamuuliza. Batu ba mazishi balikuja wote, lakini yule fundi sikumuona hata siku moja."

Unaelewa? Mimi nilikuwa nimekwisha kumkubali kama mzimu wa marehemu, na ndani yangu nilikuwa nimeanza kumhurumia. Mzimu wa mtu una mke, una watoto, una kitu unachokililia. Huyu niliyekaa naye hakuwa na mtu. Alikuwa na mahali pa kusimamisha watu tu.

Nililala kwa shemeji yangu palepale Beni na kesho yake nikarudi. Nilimwambia Masika yote. Hakunigombeza, alilia, kisha akaniuliza kama nilikula. Kambale naye alinipeleka tena dukani, nikanunua kale kadogo nilikokadharau. Meza yake nyepesi, kelele zake zinaudhi majirani, mbao nene inakashinda. Lakini kana kofia, kana kisu nyuma, na butoni nyekundu ya kuzima unaipiga hata kwa goti. Kama nawe unaanza kazi hii nyumbani na mfuko wako ni mdogo, chukua cha namna hiyo. Kikikataa mbao nene, mpelekee fundi mwenye mashini kubwa akupasulie.

Mimi lakini sikubaki sawa. Siwashi mashini kama Masika hayuko uani, mahali ninapomsikia akichambua maharagwe na kuimba nyimbo zake za kanisa. Na miguu yangu hii, siku nyingine nikisimama mbele ya meza yoyote, hata meza ya kulia chakula, inakufa ganzi hadi niketi.

Yule mama alihama. Alikataa kuuza msumeno hata kama chuma chakavu, ingawa alikuwa na shida. Alimwita padri akaombea, akapigilia mbao kwenye mlango wa atelye, akaenda na watoto wake kwa ndugu zake Musienene, analima viazi. Tulipita kumsalimia na Masika. Nyumba ya Beni haina mtu.

Lakini simu zinaingia. Namba nisizozijua, vijana wa Beni, wa Oicha, mara moja hata mwalimu anayetaka kuanza useremala. Wanaongea vilevile, kwa adabu: "Baba, tuko mbele ya mashini. Tulikuta mwenyewe hapa, ametupatia namba yako. Anasema wewe uliijaribu, unaweza kutuambia kama iko nzuri."

Sikumpa namba yangu. Nawapigia kelele watoke humo haraka. Wengi wanatoka. Mmoja alisema, "Ngoja kidogo, baba, ananionyesha kitu," na simu ikakatika. Nimeipiga tena namba ile mara nyingi.

Kwa hiyo nakuambia wewe, kabla simu yako haijawa na shida ya mtandao, kabla sijawa nimelala au niko kanisani. Ukifika mahali Beni ukakuta msumeno wa chuma kizito, bei nzuri, na mtu mpole asiyekuuliza njia ilikuwaje, na akakuambia kwamba mimi wa Vulamba nimeusifu, usinipigie. Toka. Mimi sikuusifu.