Masikio ya Bi Mwanaidi

Kuna wajinga wa kuzaliwa, na kuna wajinga wa vyeti kama mimi muuguzi.

Bi Mwanaidi wa Kikwajuni alikuja kliniki kwa ajili ya goti. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bi." Kimya. Mwenye akili angesubiri, lakini mimi nilikuwa na wanafunzi wawili wa kuwaonyesha ujuzi. Nikasimama nyuma yake, nikamnong'oneza maneno ili ayarudie: "Embe. Pweza." Kimya. Nikapiga ukelele hata wagonjwa wa nje wakachungulia. Kimya.

"Mnaona?" nikawaambia wanafunzi kwa madaha. "Huyu bibi gogo. Hata umpigie mzinga hasikii. Andikeni: kiziwi, masikio yote mawili."

Hapo Bi Mwanaidi akatoa mkono ndani ya buibui. Tasbihi! Akasogeza punje ya mwisho, akajipangusa uso. Alikuwa akimalizia uradi wake, na mimi, niliyelelewa na bibi wa namna hiyo hiyo, sikuwa na adabu ya kumngoja.

"Marahaba," akasema. "Embe, pweza. Na hilo gogo nshalisikia. Haya, njoo kwenye goti. Na usilipigie kelele, nalo si kiziwi."