Chumvi ya Mnazi kwenye Mchicha

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipokaribia kuua urithi wa bibi yangu kwa kikombe cha chumvi. Nilikuwa kidato cha pili, nimetoka Kibaha kwenda kwake kijijini Masaki kwa likizo, na kichwa changu kilikuwa kikubwa kuliko begi.

Nilimwona akitia chumvi kwenye shina la mnazi. "Inaupa nguvu," alisema. Basi mimi msomi, alipokwenda kisimani, nikakinyunyizia chumvi kitalu cha mchicha wake, nao upate nguvu. Mbegu za mchicha huo aliachiwa na marehemu mama yake, na kopo la kuzihifadhia lilikuwa tupu. Zote zilikuwa ardhini.

Kufika adhuhuri, miche ilikuwa imelala kama wageni waliovimbiwa na pilau.

Bibi hakunipiga. Machozi yalimlengalenga, kisha akasema, "Mjukuu wangu, mnazi una koo lake, na mchicha una lake." Akanipa ndoo. Nilichota maji mpaka vidole vikagoma kukunjika, tukayamwaga kitaluni kuishusha chumvi ile chini ya mizizi. Ikapona miche saba. Hiyo ndiyo iliyotoa mbegu, na uzao wake ndio mchicha ninaokula mpaka leo hapa Sofu, Kibaha.

Niliporudi shule, nikafungua daftari la baiolojia, somo nililolisinzilia. Kumbe kila seli imezungukwa na utando mwembamba ajabu: hupitisha maji, huchagua virutubisho vya kuingia, hutoa taka. Chumvi ikizidi nje, maji hukimbilia huko na seli hunywea. Kitu chembamba kuliko ngozi ya kitunguu kilijua kuchagua. Mimi na kiatu changu cha shule sikujua.

Mwanangu, akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kinachomnenepesha mwenzako chaweza kukunyausha wewe, hata kama kimetoka mkono unaoupenda. Pima kabla hujakiingiza moyoni. Lakini usijizibe, seli isiyopokea kitu hufa na usafi wake. Na ukikosea, shika ndoo mapema. Mola akupe moyo unaojua la kupokea na la kuacha nje, na akubakishie walau miche saba.

Haya niliyokuandikia nimemsomea jirani yangu, Mama Zuhura, yeye upande wake wa michongoma, mimi kwangu, maana kutoka kwenda kwa watu si kazi yangu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mzee, utando gani huo usiopitisha hata jirani? Juzi nimepiga hodi kuomba chumvi, ukajifanya umelala!"