Sikio la Kupimia Sabuni

Mume wangu alipima sabuni kwa sikio. Nyuma ya nyumba yetu Gatitu tulikoroga sabuni ya maji: dawa ya povu, maji, chumvi, na spiriti kidogo ili isigande kwa baridi ya Julai. Kisha aliinua mwiko, akainamisha sikio la kushoto juu ya pipa, akaiacha ianguke. Iliyo nyepesi ilipiga kelele kama ng'ombe anayekojoa. Iliyoshika ilianguka kimya, naye akacheka peke yake.

Siku ile tuliyoipeleka sokoni Kutus ilikuwa imeshika vizuri. Lakini Kutus ni chini, mbali na baridi ya kwetu, na jua lake halina adabu. Kufikia saa saba mitungi ilikuwa moto, na sabuni iliyotoka kwetu nzito kama uji ilikuwa ikitiririka. Niliijua tabia yake, ikipoa hurudi. Nani angesubiri ipoe?

Mama mmoja wa hoteli alifungua mtungi aliotoka kununua, akanusa spiriti, akamwaga yote miguuni petu.

“Ati sabuni? Hii ni maji mmetia pombe.”

“Ni joto, mama,” mume wangu akasema. “Weka mahali iko baridi, utaona vile itashika.”

“Mwizi ndio anataka ningoje.”

Neno mwizi lilitosha. Mwanamume ambaye hakuwa amenunua hata tone alimpiga mume wangu kofi, mwingine teke, kisha wakawa wengi. Wakamwangusha kwenye sabuni ile ile. Kila alipojaribu kuinuka aliteleza, nao wakacheka huku wakimpiga. Niliwachukia kwa kile kicheko kuliko kwa mateke. Nilinyakua mtungi uliojaa nikamvunja mmoja meno, nikamng'ata mwingine mkono mpaka nikaonja damu. Sijutii. Nilijua wangemuua, na bado sikumfikia kabla kiatu hakijampata kwenye sikio la kushoto. Polisi walipofyatua risasi hewani ndipo umati ukatawanyika.

Aliporuhusiwa kutoka hospitali, kichwa kimefungwa bendeji, alienda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Mtungi niliorudi nao ulikuwa hapo, damu imekaukia kwenye kishikio, umelala kwa baridi. Aliumimina ndani ya pipa, akachota kwa mwiko, akainamisha kichwa upande ule ule wa siku zote. Sabuni ikaanguka.

Alichota tena, akaiacha ianguke, kisha akanigeukia.

“Imeshika,” akaniuliza, “ama ni sikio?”