Kibali cha Mfalme

Juzi, kwenye foleni ya vibali vya kuuza barabarani hapa katikati ya Durban, mbele yangu walisimama akina mama wawili wa Burundi. Mmoja alikuwa amerudi kutoka Uingereza, alikokwenda kumtembelea binti yake katika mji mdogo wenye soko la kale. Mwenzake anauza nyanya. Kibali chake kilikuwa kinaisha kesho yake, na bila kipya angeondolewa kwenye kona yake. Alikuwa akikikunja na kukikunjua.

"Dada, pale iko jiwe katikati ya soko," alisema msafiri. "Mzee mmoja akanieleza ni la ukumbusho, zamani mfalme aliwapa watu wa pale ruhusa ya kuuza kila Jumanne. Mpaka leo wanauza Jumanne."

"Walirudi kuiomba tena mara ngapi?"

"Hata mara moja."

"Mfalme amekufa?"

"Zamani sana!"

"Na kibali bado kizima?" Mama nyanya alishika kiuno. "Basi leo nataka cha namna hiyo."

Tulidhani anatania. Alipofika dirishani, alimwambia karani kwa Kiingereza chake cha sokoni kwamba anaomba kibali cha mfalme, kile kisichoisha. Karani akaelezwa habari ya lile jiwe, akacheka hadi akavua miwani.

"Eish, mama, mfalme hajaja kazini leo. Chukua cha mwaka mmoja."

Muhuri ukalia, paa! Mama nyanya akapiga kigelegele, na foleni nzima ikamwitikia, hata mimi niliyekuwa nimevua viatu kwa uchovu.

Waingereza waliwahi kuutawala mji huu. Walituachia reli, kriketi na foleni. Kibali kisichoisha walikibakiza kwao.