Anapika Amplifaya, Anayeiva ni Yeye

Mmepita mlango ule, msikatae. Mmepeleka amplifaya zenu kwenye karakana iliyo nyuma ya Ladypool Road, huku Ulaya, mkamkuta fundi kaloa jasho kama aliyenyeshewa, mkabeba mzigo wenu na kwenda zenu kanisani kusifu.

Ni Jumamosi asubuhi, mwezi Julai. Séverin, fundi wa miaka hamsini na miwili kutoka Bukavu, amesimama kati ya amplifaya sita za taa, zile zenye vioo vinavyowaka rangi ya chungwa. Zote zimewashwa. Hakuna inayolia.

"Niko nazipika," anasema.

Ndivyo anavyoita kazi hiyo. Amplifaya ikishatengenezwa huachwa iwake kutwa. Kama ni ya kufa, ife mbele ya fundi, si mbele ya waumini.

Kila moja inavuta wati mia mbili hivi. Sauti inayotoka haizidi wati ishirini. "Ingine yote ni moto," anasema. "Na za namna hii, ziimbe, zinyamaze, zinakula umeme uleule."

Sita kwa pamoja ni zaidi ya wati elfu moja. Hiyo ni hita, jamani. Hita inayowaka kiangazi, ndani ya chumba chenye dirisha moja, na dirisha lenyewe limepigiliwa mbao.

Aliyepigilia ni Mark, mwenye karakana, Mkenya na mzee wa kanisa letu. Anasema ni kwa ajili ya wezi.

Mwezi uliopita Séverin alizimia humo kwa joto, akaanguka. Paji la uso likapasukia kwenye benchi, mkono ukatua kando ya waya ulio wazi wenye volti mia nne. Ungesogea kidogo tu, leo tungekuwa tunachangia jeneza.

Aliporudi kazini aliomba dirisha lifunguliwe. Mark akacheka.

"Aki Séverin! Mwafrika mzima unaogopa joto? Si hiyo ni sauna ya bure, bro!"

Wateja waliokuwepo wakacheka naye. Baadhi yenu mnasoma hapa.

"Bukavu ni baridi," Séverin anasema. "Kwetu jioni tunavalaga pull, sweta ya baridi. Moto ya hivi nimeijulia Ulaya."

Mkewe, Immaculée, anayehudumia wazee huko Longbridge, ndiye anayemsafisha kidonda.

"Papa Landry, unasema unapika ampli," alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Ampli zinatoka nzima. Anayeiva ni wewe."

Séverin alicheka. Mama huyo hakucheka.

Na mimi sisahau. Mark huyuhuyu alipokuwa akipiga pasi kwenye duka moja la dobi Selly Oak, akitoka mle macho mekundu kwa mvuke, ni waumini waliosimama mlangoni, mvuani, hadi tajiri wake akafungua madirisha. Alilia siku ile. Alisema Mungu awabariki wote. Leo ana nyundo na misumari.

Séverin haombi kuondoka. "Kazi hii naipenda. Nikiwa na dirisha moja, nitaifanya mpaka nizeeke. Moja tu."

Basi Jumamosi ijayo msitume ujumbe wa pole. Nendeni wenyewe, kila mwenye amplifaya mle aitoe benchini, ikiwa imepona au haijapona, na asiirudishe hadi mbao ziondoke. Mwenye nyundo aje nayo: ina upande wa kung'olea misumari.