Jicho la Mbuzi Mpangaji

Kiwandani wote walimwita Kiguu, kifupi cha kiguu-na-njia, na hakuna aliyekumbuka tena nani alianza. Miguu yake haikujua kusimama. Chai aliinywa akitembea, simu aliipiga akizunguka nguzo, na mashine yake ya kukata kadibodi ilipohitaji dakika tatu tu za kupoa, yeye alizitumia kwenda dirishani na kurudi mara saba. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mgongo mzima, mikono inayonuka gundi. "Huyu," msimamizi alizoea kusema, "hata akikaa ameshaondoka."

Kitu kimoja kilimtuliza, na hata hicho alikifanya wima: pazo, ule mchezo wa kuunganisha vipande vya kadibodi mpaka vitoe picha. Si pazo yoyote. Milima yenye theluji hakuitaka, wala farasi wanaokimbia. Alipenda picha za vitabu vya watoto, zile za kalamu nyembamba na rangi ya maji, ambazo kila pembe ina jambo lake: paka anaiba soksi, sufuria inafurika bila mwenyewe, panya anasoma gazeti chini ya kiti.

"Mchoraji wa watoto haachi mahali patupu," alimwambia mama yake. "Huyu wa milima kachora wingu, kaenda kulala."

"Na sisi tutakula wapi?" mama aliuliza, kwa sababu meza ilikuwa moja.

Walikula sahani mapajani. Waliishi wawili, vyumba viwili, ghorofa ya tatu, ngazi hamsini na nne. Kiguu alizunguka meza kama anayepima shamba, akichomeka kipande hapa, akienda kuangalia barabara, akirudi kuchomeka kingine. Mama alikaa kitandani mlango ukiwa wazi, akikunja na kukunjua kitambaa kilekile, akisema, "Kaa chini wewe mtoto, unanipa kizunguzungu."

Mwaka huo kiwanda kilipata kazi iliyomnyima Kiguu usingizi kwa furaha. Wachapishaji wa *Mbuzi Mpangaji*, kitabu ambacho kila mtu wa rika lake alikisoma darasa la pili na ambacho kilipotea madukani zamani, walitaka picha zake nne zigeuzwe pazo. Sokoni. Jikoni. Mkokoteni. Dirishani. Kila moja vipande mia tatu.

Kitabu hicho Kiguu hakukisoma darasani tu. Baba yake alikuwa fundi wa kupaka rangi madaraja. Daraja likiisha, familia inahama. Waliishi miji kumi na mmoja katika miaka tisa. Kila walipofika chumba kipya, kabla hata magodoro hayajafunguliwa kamba, mama aliwasomea watoto habari za yule mbuzi anayehama nyumba hadi nyumba na sufuria zake mgongoni: nyumba hii inavuja, ile ina majirani wambea, ile nyingine haina kasoro yoyote na ndiyo maana anaikimbia. Ukurasa wa mwisho mbuzi amekaa dirishani, anaangalia nje. Kitabu hakisemi kama amekaa kabisa au anapumzika tu.

Walipohama mara ya nane, Kiguu, wakati huo ana miaka saba, alikabidhiwa kitabu akibebe. Alikiweka juu ya ukuta ili afunge kamba ya kiatu. Walipogundua, lori lilikuwa limeshapita mito miwili. Mama hakumchapa wala hakumkaripia. Alisema tu, "Basi." Neno hilo lilimkaa Kiguu kooni miaka arobaini na mitano.

Sasa mama naye alikuwa anahama. Magoti yalikuwa yamezikataa zile ngazi hamsini na nne, na kaka yake Kiguu, aliyekuwa na nyumba ya chini katika mji wa mwendo wa siku nzima, alikuwa amesema atakuja na gari Jumamosi, saa tatu asubuhi. Kiguu hakubisha. Alichotaka ni kitu kimoja: kuimaliza picha ya Dirishani, kuigandisha kwa gundi juu ya ubao, na kuitia kwenye fremu, ili mama asilale nyumbani kwa watu bila yule mbuzi kumtazama ukutani. Maana kila chenye kukosewa huwa kinadai malipo yake, na Kiguu alikuwa amechoka kudaiwa.

Nakala aliipata kihalali. Karatasi moja ya Dirishani ilitoka na doa jekundu ukingoni, msimamizi akamruhusu aikate na kuichukua. Jumanne, baada ya chai, aliiweka kwenye trei yake kando ya trei ya Sokoni iliyokuwa ikisubiri kufungwa. Akageuka haraka, kama kawaida yake, na nyonga yake ikazipiga trei zote mbili. Vipande mia sita vikamwagika sakafuni.

Aliyefunga maboksi alikuwa mwanamume mnene mpole waliyemwita Mizani, kwa kuwa hakuamini kitu mpaka kipimwe. Walipiga magoti, wakachambua kwa rangi: vya buluu vya Dirishani huku, vya kahawia vya Sokoni huko. Mizani akapima mfuko wa Sokoni.

"Gramu kamili," alisema. "Funga."

Hapo ndipo penye kosa ambalo ni watu wa kazi ile tu wangeweza kulifanya. Picha zote nne zilikatwa kwa ubao mmoja uliopigiliwa nyembe zilizopinda. Kipande cha mstari wa saba, cha kumi na mbili kutoka kushoto, kina umbo lilelile katika Sokoni, Jikoni, Mkokoteni na Dirishani: vichwa viwili na mguu uliopogoka. Kinaingia popote na kinabana sawasawa. Uzito ni mmoja, na kahawia ya uso wa mbuzi ni ileile ya vitunguu. Vidole haviwezi kujua, na mizani haiwezi kujua.

Alhamisi jioni Kiguu alichomeka kipande cha mwisho, akarudi nyuma hatua mbili kuitazama picha, na mbuzi akamtazama kwa jicho moja. Mahali pa jicho la pili palikuwa na kitunguu.

"Mama!"

"Nimekufa?"

"Mbuzi ana kitunguu usoni!"

"Basi atalia vizuri," mama alisema, na akaendelea kukunja kitambaa.

Kiguu hakucheka. Alielewa papo hapo. Kama kitunguu cha Sokoni kipo hapa, jicho la mbuzi liko ndani ya boksi la Sokoni, mstari wa saba, nafasi ya kumi na mbili, katikati ya fungu la vitunguu. Na ilikuwa imebaki Ijumaa peke yake.

Asubuhi alifika kiwandani kabla ya kengele na kumkuta Mizani akifungua bohari.

"Maboksi ya Jumanne baada ya chai ni yapi?"

"Kumi na mawili. Nimeyatia alama ya penseli chini. Kuna nini?"

"Kuna jicho."

"Jicho la nani?"

"La mbuzi. Mizani yako imetudanganya."

"Mizani haisemi uongo, dada."

"Haisemi uongo, lakini haina macho. Nipishe."

Alifungua boksi moja baada ya jingine. Hakuhitaji kuunganisha chochote. Alitumbukiza mkono mfukoni kama mtu anayetafuta funguo, akafumba macho, akasaka vichwa viwili na mguu uliopogoka mpaka vidole vikakutana navyo. Akivuta, kitunguu. Anafunga, anavuta kingine, kitunguu. Mara kumi na moja kitunguu. Boksi la kumi na mbili halikuwepo.

Mizani alijikuna kisogo. "La kumi na mbili lilichukuliwa na tarishi wa wachapishaji juzi. Sampuli. Alisema analipeleka maktaba ya wilaya, chumba cha watoto."

Kiguu alimkuta msimamizi kwenye korido, akamwomba ruhusa ya saa mbili. Msimamizi aliangalia miguu yake, ambayo tayari ilikuwa imeelekea getini. "Nenda," alisema, "nisije nikaonekana ndimi niliyekuzuia."

Chumba cha watoto kilikuwa na viti vya urefu wa goti na zulia lililochanika. Watoto walikuwa bado shuleni. Kwenye kiti kimoja kidogo, magoti yakikaribia kidevu, alikaa mzee mrefu mwenye koti la vifungo vitatu, na mbele yake Sokoni ilikuwa imekamilika, isipokuwa tundu moja katikati ya vitunguu.

"Habari za asubuhi, mzee wangu," Kiguu alisema. "Naona hapo pana pengo."

"Si pengo," mzee alijibu bila kuinua macho. "Ni ushahidi ulioondolewa. Mimi nilikuwa karani wa mahakama miaka thelathini na sita. Napumzika hapa kila siku kwa sababu nyumbani wajukuu hawanipi nafasi ya kucheza. Na jana, mama, katika fungu la vitunguu, nimekuta jicho. Linanikodolea! Mtu mwenye akili timamu anaweka jicho katika vitunguu?"

"Liko wapi?"

Mzee alitoa bahasha mfuko wa ndani. Ilikuwa imefungwa kwa gundi na kusainiwa juu ya mfuniko. Mbele iliandikwa kwa herufi za kupendeza: *Kielelezo A*.

"Naandika lalamiko kwa kiwanda," alisema. "Kurasa mbili tayari."

Kiguu alihisi miguu ikitaka mlango. Katika miaka ishirini na miwili mashine yake haikuwahi kupata lalamiko hata moja. Alijivunia hilo kuliko alivyojivunia nywele zake. Angeweza kusema yeye ni mtu wa usafi. Angeweza kungoja mzee aende msalani. Lakini saa tatu ya kesho ilikuwa inakuja, haimngoji mtu.

"Kiwanda ni mimi," alisema. "Mashine ni yangu. Nilimwaga trei." Akatoa kitunguu mfukoni akakiweka mezani. "Hiki ndicho chako. Naomba changu."

Mzee alikitazama kitunguu muda mrefu. Alikichukua, akakichomeka. Kiliingia kwa mlio mdogo, na soko likawa soko. Uso wake ulilainika, halafu akakumbuka kazi yake.

"Kielelezo hakitoki hivi hivi. Maelezo kwanza." Akageuza karatasi. "Kaa."

"Nitasimama."

"Mshtakiwa anaruhusiwa kusimama. Ilikuwaje?"

Alieleza. Mzee aliandika, akisoma kila sentensi kwa sauti kama anayeitangazia mahakama iliyojaa. Kiguu alizunguka meza mara nne.

"Nani mwingine alihusika? Nani alipima?"

Kiguu alimfikiria Mizani, magoti yake sakafuni, jinsi alivyochambua kipande kimoja kimoja kwa vidole vile vinene.

"Mimi peke yangu," alisema. "Na nyonga yangu."

"Nyonga haisaini. Saini wewe." Akamwelekezea kidole. "Barua itafika kwa meneja wako Jumatatu. Sitaifuta kwa sababu umekuja na sura ya huruma."

"Sikukuomba uifute, mzee."

Alisaini. Mzee akaipasua bahasha kwa ukucha, akamwekea jicho kwenye kiganja kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha pete. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini ambayo haikuwa ya mahakama: "Hiyo Dirishani… inauzwa lini?"

Ijumaa ilipokwisha jicho lilikuwa mahali pake, na Jumamosi saa mbili asubuhi Kiguu alikuwa ameomba ubao kwa seremala wa ghorofa ya chini, amefungua kopo la gundi, amechovya brashi. Mizigo ya mama ilikuwa mlangoni, mifuko mitatu na kiti cha plastiki. Mama alikuja taratibu, akishika ukuta, akasimama mbele ya meza. Alitazama picha yote: sufuria, pazia, panya kwenye kizingiti, mbuzi na macho yake mawili. Aliweka kidole kwenye pazia.

"Huyu nilikuwa nakusomeeni," alisema.

"Ndiye, mama. Nilikipoteza kile kitabu. Nimekutafutia huyu."

"Najua ulikipoteza. Nilikuwepo." Mama aliinusa hewa. "Na hiyo gundi ya nini?"

"Naigandisha. Kaka ataitundika mbele ya kitanda chako, uwe unamwona."

"Nimwone, halafu?"

"Basi, umwone tu."

"Wewe mtoto!" Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki, akashusha pumzi. "Kule kwa kaka yako kuna nini? Mkewe anapika, mkewe anafua, mkewe ananiambia mama pumzika. Nimepumzika mpaka mifupa inalia. Nitakaa siku nzima namtazama mbuzi ambaye kazi yake imekwisha? Unafikiri hiyo miguu yako uliitoa kwa baba yako? Baba yako alikuwa anapaka rangi amelala!"

Kiguu alibaki na brashi mkononi, gundi ikidondoka taratibu kwenye gazeti.

"Nimekimbia siku nzima kwa ajili ya kipande kimoja, mama. Nimesaini karatasi."

"Na umefanya vizuri. Bila hicho ningehangaika mwezi mzima nikitafuta jicho, nikidhani ni mimi nimezeeka." Mama aliweka viganja vyote viwili juu ya anga la buluu, akasukuma. Picha ilipasuka kwa mlio wa biskuti. "Vipande vingapi?"

"Mia tatu."

"Siku ngapi?"

"Kwa mwendo wako? Wiki mbili. Ukimaliza, unabomoa, unaanza tena."

"Nikizoea, utaniletea ile ya soko."

Honi ililia chini barabarani, mara mbili, kwa ule ufupi wa kaka ambaye hapendi kungoja. Kiguu alienda dirishani, akainua mkono, akarudi.

"Amefika."

"Mwambie asubiri," mama alisema, akitenganisha pembe ya mbuzi na pazia. "Bado nusu haijabomoka. Na wewe funika hilo kopo, uje ushike upande wa sufuria."

Kiguu alifunika kopo. Alivuta kiti, akakaa.