Gramu Mia Tano za Verlin Hoekstra

Basi lilinishusha Cullen, mji mdogo kaskazini mwa Michigan, Marekani, theluji ikipiga kwa ubavu. Tangazo pekee la chumba cha kupanga lilikuwa kwenye kioo cha duka la ushirika. Mwenye chumba, Verlin Hoekstra, alinifungulia akiwa na mwiko mkononi.

"Unavuta sigara?"

"Hapana."

"Basi ingia. Viatu huko huko."

Alikuwa mgane wa miaka sabini, mpika jemu ya tufaha, na karibu yote aliiuza katika duka lile. Miaka yote alijaza chupa za painti, yaani vikombe viwili. Vuli ile alileta chupa mpya: gramu mia tano kwa tarakimu kubwa, ratili na wakia chini kwa herufi ndogo. Sheria iliruhusu, wala hakulazimishwa na mtu. Bei aliipunguza, kwa kuwa chupa mpya ilikuwa ndogo kidogo.

"Geneva wangu alikuwa na kisukari," aliniambia siku ya tatu, akikoroga sufuria. "Kila tonge tulipima kwa gramu ndipo achome insulini. Macho yake yalikwisha, nikawa namsomea mimi. Na gramu kwenye makopo wanaziandika kama nyayo za sisimizi. Siku moja nilisoma vibaya."

Akainama kupunguza moto.

Mjini walisema amewapunja. Kampuni kubwa zimewazoesha hivyo: pakiti inapungua kimyakimya, namba zinageuzwa ili usijue. Wanachama wa ushirika wakaitana Jumamosi, katika ukumbi ulio chini ya kanisa, wapige kura kama chupa zake zibaki dukani.

"Wakizitoa, nazima jiko," Verlin alisema. "Kwingine pa kuuzia sina."

Mwenyekiti alikuwa Mavis Tuinstra, mwalimu mstaafu, rafiki wa marehemu Geneva. Aliweka mezani vikombe viwili vya kupimia na chupa moja ya Verlin.

"Verl, hii umeandika ni zaidi ya ratili moja. Kweli si kweli?"

"Kweli."

"Na vikombe viwili ni ratili moja. Hilo hata wajukuu zangu wanalijua."

Akamimina. Kikombe cha kwanza kilijaa. Cha pili kilibaki na nafasi ya vidole viwili. Watu wakaguna.

"Vikombe viwili ni ratili kwa maji, Mavis!" Verlin alisimama. "Jemu ni nzito kuliko maji. Nimekuja na mizani, ipime!"

"Mizani yako mwenyewe!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma, wakacheka.

"Basi leteni yenu. Nani hapa ana mizani jikoni kwake?"

Hakuna aliyeinua mkono. Mji mzima ulipika kwa vikombe, tangu bibi zao.

"Verl, rafiki yangu," Mavis alisema kwa upole, "rudisha painti tu. Nani anakugombeza? Hizi gramu za nini?"

Nilimtazama. Angeweza kuwaambia habari ya Geneva, na nadhani wangenyamaza. Alikunja kofia yake.

"Painti sirudishi."

Mikono thelathini na minne ilitaka zitolewe. Tisa ilikataa, na mmoja kati ya hiyo tisa ulikuwa wa Verlin. Mimi sikuwa mwanachama.

Jumatatu tulizitoa rafuni wenyewe, katoni baada ya katoni, huku muuza duka akijifanya anapanga mikate. Verlin alizima jiko siku hiyo hiyo. Matufaha yaliyobaki ghalani yalilainika, yakaanza kunuka, na harufu ikaingia hadi chumbani kwangu. Binti yake alipiga simu kutoka Arizona: njoo, baba, kuna chumba.

Aliondoka Alhamisi kwa gari lake dogo la mizigo. Kabla ya kuwasha alishusha kioo.

"Bomba la jikoni uliache lidondoshe maji kidogo. Ukilifunga kabisa maji yataganda, mabomba yapasuke."

"Nimesikia. Na nyumba ikipata mnunuzi, nihame?"

"Atakuambia mwenyewe."

Gari likakata kona ya kanisa. Nilirudi ndani, nikafungua bomba kidogo, nikasimama pale nikisikiliza matone yakidondoka.